Chaji ya Posa ya Kaka Mbaraka

Jumatatu, 14 Aprili

Leo nimekabidhiwa simu. Si simu tu, nimekabidhiwa ndoa ya kaka yangu. Mbaraka kaniita nyuma ya jiko, kanishikisha kwa mikono miwili kama ananipa kichanga, akasema Hussen, mdogo wangu, usiniangushe. Nikamwambia atulie, kafika kwa mwenyewe. Magindu nzima hii nani anaijua simu kunizidi? Shule niliishia kidato cha pili kwa hiari yangu (walimu wana maelezo yao), lakini simu nimeisoma mpaka mwisho.

Mambo yako hivi. Kaka kaposa Mzenga, upande wa Kisarawe, kwa binti anaitwa Yasmin. Mshenga wetu ni Mzee Salumu, jirani, ambaye simu hana na hataki kuwa nayo. Baba wa binti kasema matope ni mengi, jibu atalitoa kwa simu ya Mbaraka, mwisho Ijumaa. Wakitupata na wakikubali, mshenga ataenda kusikia mahari. Wasipotupata, watajua tumeghairi. Na kuna jamaa mwingine, Sadick, muuza spea wa Maili Moja pale Kibaha, ana gari na viatu vinavyong'aa, naye kaposa hapohapo.

Kaka anashinda bondeni na mbuzi na huko mnara haufiki, kwa hiyo simu inabaki kwangu. Kitochi cha mama kilitumbukia kwenye josho la ng'ombe mwaka jana. Kilikufa, ila hakikuwa na kupe hata mmoja. Umeme nao hakuna, nguzo imelala na mvua. Na betri ya kaka imechoka, ukiitazama tu inashuka.

Anayechaji simu za watu kwa sola ni Dulla, dukani kwake. Mimi na Dulla haziivi. Mwezi uliopita nilisema kijiweni kwamba sola yake inachaji kama bibi anavyomumunya karanga, maneno yakamfikia. Leo nimepita hapo, kasema simu yangu ataichaji siku jua likitokea magharibi. Nikatazama juu. Wingu tupu. Hata mashariki lenyewe lilikuwa halijatokea.

Sawa. Asilimia themanini mkononi. Mtu mwenye akili anafika nazo Ijumaa na chenji inabaki.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeanza kazi kitaalamu. Kwanza mwanga. Nimeushusha mpaka kioo kikawa cheusi kama sufuria la maharage. Kuona chochote lazima nijifunike khanga ya mama gubigubi. Zubeda, dada yangu wa kidato cha tatu anayejiona waziri, kanikuta ndani ya khanga kauliza naolewa mimi au kaka.

Pili mlio. Sauti inakula chaji, kila mtu anajua. Nikauzima. Kaka aliporudi akauliza sasa wakwe wakipiga utajuaje, utanusa? Nikauwasha. Mtu ambaye hajaenda na wakati utamfanya nini.

Tatu, nikafuta vitu visivyo na kazi. Nimefuta ratiba ya mpira, nimefuta kikokotoo, nimefuta picha moja ya mbuzi. Kumbe yule mbuzi kaka alikuwa anataka kumuuza, picha ilikuwa ya kumwonyesha mteja. Hilo hajalijua bado.

Halafu nikaona nisijitegemee sana, nitafute ushauri wa wataalamu. Bando lilikuwepo. Nikafungua video ya jamaa anaeleza namna ya kuifanya betri idumu. Video ndefu, ina mambo. Ilipoisha nikaangalia ya pili, kwa sababu mwanzoni alisema ya pili ndiyo yenye siri yenyewe. Anajua kweli yule jamaa. Nilipomaliza chaji ilikuwa asilimia hamsini na moja.

Nimemwambia kaka ni hali ya hewa.

Jumatano, 16 Aprili

Jamaa wa kwenye video alisema adui wa betri ni joto. Nikakaa nikawaza: ndani ya nyumba hii, wapi pana baridi kuliko pote? Mtungini.

Sikuitumbukiza, mimi si mjinga. Nilifunga simu kwenye mfuko wa nailoni, nikapiga mafundo matatu, nikauning'iniza kwa uzi ndani ya shingo ya mtungi, juu ya maji. Nikaketi pembeni kama mlinzi wa benki. Ubaridi ule hata mimi niliutamani.

Mama akaja na kata kuchota maji ya kunywa, akavua simu. Aliitazama muda. Akaniuliza kwa upole, upole ule wa hatari, kama kuna kambale mwingine humo ndani nimwambie mapema. Nikamweleza sayansi. Akasema sayansi nimpelekee shangazi, yeye nimwachie mtungi wake. Nimeosha mtungi na mchanga na ndimu mpaka mgongo ukaniuma. Kambale. Mama ana mdomo yule.

Chaji arobaini na sita. Nikaanza kutokwa jasho. Kaka karudi kutoka bondeni kalowa chepechepe, kabla hata hajavua shati kauliza wamepiga? Bado, nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuifua kanzu yake nyeupe, aifue tu, iwe tayari. Sijamwona kaka akifua kanzu siku ya Jumatano tangu nizaliwe.

Hapo ndipo nikakumbuka ile siri ya video ya pili. Kuna alama ya ndege. Unaigusa, inawaka, basi, betri inalala usingizi wa pono. Maelezo mengine yalikuwa ya Kiingereza, ila ndege naijua. Na ukifikiri ina mantiki: gari likikwama kwenye matope linakula mafuta, ndege iko juu inateleza tu. Nimeigusa jioni hii. Sijamwambia mtu. Utaalamu ukishausema unashuka thamani.

Alhamisi, 17 Aprili

Arobaini na sita!

Nimeamka, arobaini na sita. Nimekunywa chai, arobaini na sita. Adhuhuri, arobaini na sita palepale, kama imepigwa msumari. Nilitaka kulia.

Nikaenda dukani kwa Dulla, nikakaa kwenye benchi lake bila kukaribishwa. Wateja wamejaa, simu zimepangwa kama dagaa, wingu juu, sola imenuna. Mama mmoja anamwambia Dulla simu yangu ulisema saa nne, saa nne ya mwaka gani? Mimi nikatoa simu taratibu, nikaitazama, nikairudisha mfukoni. Nikaitoa tena. Dulla akauliza nina shida gani. Nikamwambia sina, wenye shida ni wanaohitaji chaja. Mimi simu yangu inajilisha. Akasema hata mfu hali, lakini humwiti amesalimika. Wivu huo.

Nyumbani ndiko hapakuwa pazuri. Kaka kaacha mbuzi kwa jirani, kashinda nami, kila mara anauliza kama nina uhakika mnara upo. Nikamwambia kaka, kungekuwa na shida ningejua. Ugali kaumega, kauviringisha, kaurudisha sahanini. Kanzu imegoma kukauka kwa mvua, kaitandaza juu ya kapu la jikoni, sasa inanuka moshi. Kaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku ya kupeleka posa Yasmin alileta maji ya kunawa, akamuuliza mbuzi wake wanaendeleaje. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Sisi wenyewe hatumuulizi.

Nikajisikia vibaya kidogo. Nikamwambia bwana, si wanasema bi harusi akiulizwa akanyamaza ndiyo kakubali? Basi hawa wamenyamaza, wamekubali. Mzee Salumu alikuwa barazani akasikia. Akasema, mwanangu, kimya cha bi harusi ni kimoja na kimya cha baba yake ni kingine, usivitie chungu kimoja.

Kaka akataka tuwapigie sisi. Mzee Salumu akakataa kabisa. Mposaji hadai jibu. Ukipiga simu kuuliza umedai, ukidai una papara, na mwenye papara atamtesa mtoto wa watu. Nikaunga mkono haraka. Kupiga kunakula chaji mbaya mno.

Ijumaa, 18 Aprili

Zubeda hana shule, Ijumaa Kuu. Tangu asubuhi ananisumbua nimwonyeshe simu. Nimemkatalia. Macho ya watu nayo yanakula chaji. Kaniambia nina kichwa cha kuvalia kofia tu.

Tumeswali, tumerudi, tumekaa. Simu katikati ya mkeka, sisi kuizunguka kama tunaota moto. Kimya. Mama anapepeta mchele ule ule aliokwisha kuupepeta. Chaji arobaini na tano, jamani, tangu Jumatano! Nilitamani kuwaambia waitazame namba ile angalau wafarijike, lakini nyuso hazikuwa za namba.

Kaka akasimama. Akasema basi, Sadick kashinda, ana haki, ana gari. Akaenda kuichukua kanzu kapuni ili aikunje. Mzee Salumu akamwuliza unaikunja ya nini, ivae. Kaka akasema mzee, si ulisema tusidai? Mzee akasema kupiga simu ndiko kudai. Kwenda ni kujuliana hali. Bibi yake yule binti aliumwa goti tulipopeleka posa, sisi tunakwenda kumuuliza goti. Nani atamkataza mtu kuuliza goti?

Pikipiki kaazima Dulla. Dulla! Kampa kaka ufunguo, kajaza na mafuta, hakusema neno. Nimemchukia zaidi. Wameondoka, kaka mbele na kanzu yake inayonuka moshi, kaikusanya magotini, Mzee Salumu nyuma kamshika kiuno na koti la mvua linapepea. Mpaka Mlandizi, halafu waikate ile njia ya matope kwenda Mzenga. Nilisimama njiani mpaka hawaonekani.

Mimi nimebaki na simu. Lazima mmoja abaki na akili zake.

Jumamosi, 19 Aprili

Wamerudi mchana. Kaka hana rangi, ni tope tupu. Anacheka peke yake kama kapewa dawa.

Mzee Salumu ndiye aliyesimulia, maana kaka kila akianza anaishia kwenye maji ya kunawa. Kumbe karibu na Mzenga kijito kilikuwa kimefurika. Waliiacha pikipiki kwa watu, kaka akambeba mzee mgongoni, maji kiunoni. Wakabisha hodi hivyo hivyo. Baba wa Yasmin akatoka kanuna. Akasema nimewapigia tangu Alhamisi asubuhi, nimepiga mpaka yule dada wa kwenye simu nimemzoea, kila saa mteja hapatikani, nikajua mmeghairi. Na jibu la kumkubali Sadick alikuwa keshaliandaa.

Ndipo bibi akauliza kutoka ndani ni nani hao. Mzee Salumu akasema ni sisi wa Magindu, tumekuja kuuliza goti. Bibi akatoka na fimbo yake. Akamtazama kaka kuanzia chini, tope, maji, moshi. Akamwuliza mwanawe: huyo Sadick wako anayekupigia mpaka upo kwenye sala, na jana akasema umwandikie meseji ndiyo au hapana kwa kuwa ana haraka, goti langu aliliuliza lini? Bibi akasema mjukuu wangu hajibiwi kwenye betri. Anajibiwa uani, na aliyefika uani ni huyu. Yasmin akaulizwa ndani, akanyamaza. Hicho ndicho kimya chenyewe.

Mama alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Mimi nikapiga mluzi. Halafu Zubeda, ambaye furaha ya watu humkera, akasema lakini hii simu kwa nini haikupatikana? Akainyakua. Akapandisha mwanga. Akatazama. Akasema, Hussen, hiki kindege ni cha nini?

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, mpaka mfano wa gari na matope. Zubeda akasema kindege kikiwaka simu haipokei mtu, ni sawa na kuweka jiwe. Akakizima. Meseji zikaanza kuingia, zinaingia, zinaingia.

Mama akaangalia mwiko ulipo. Kaka akanitazama muda mrefu, tope limemkaukia kwenye nyusi. Nikasema haraka: kaka, hebu piga hesabu. Bila ndege wangekupata Alhamisi. Ungesikia jibu umekaa hapa, na jibu lilikuwa la Sadick. Bila ndege hakuna matope, bila matope hakuna bibi. Mimi ndiye niliyekuoza.

Kaka akacheka mpaka akakaa chini. Akasema Mungu anajua kwa nini alinipa ndugu huyu. Nimeichukulia hiyo kama shukrani. Mama hakucheka. Mwiko umenipata mara moja tu, begani, na haukuwa na nguvu.

Chaji: arobaini na nne. Naiandika kwa ajili ya historia.

Jumapili, 20 Aprili

Simu kapewa Zubeda. Mambo ya mahari na ugeni wa Mzenga yatapitia kwake. Sina kinyongo. Mtaalamu hagombanii vifaa.

Isitoshe kazi imenifuata yenyewe. Mwalimu Elinipa, jirani wa upande wa pili, kapita asubuhi akienda kanisani, kavaa kitenge kipya cha Pasaka. Simu yake imebaki na kamstari kekundu. Wanawe na wajukuu wanatoka Dar, wakifika Mlandizi watampigia awatumie bodaboda, maana njia hawaijui na mvua inakuja. Kasikia kwa watu kwamba ipo simu Magindu imekaa siku sita bila kuchajiwa. Akaomba nimtunzie hadi ibada iishe, na ikiita nipokee. Nikamwambia shikamoo mwalimu, nenda kasali kwa amani, wageni wako ni wageni wangu.

Kindege sijakigusa. Mimi nikishaelezwa nimeelezwa. Nimekaa nikafikiri kwa kichwa changu: kitu gani hasa kinanyonya chaji saa zote hata simu ikiwa imelala? Laini. Inahangaika kutwa nzima kuutafuta mnara. Nimeitoa, nimeifunga kwenye karatasi, iko mfukoni salama.

Hee. Kamstari kamesimama pale pale. Mvua imeanza, ibada bado, na wageni hata hawajamsumbua.