Dereva Aliyesimama Akiongoza

Gereji ya Pardue,
Karolina ya Kaskazini.
Septemba 1952

Bwana Mwenyekiti wa Chama cha Mbio,

Pokea heshima zangu, kisha upokee hasira zangu. Mimi ni Thurlow Pardue, mmiliki wa gari namba 44. Naomba dereva wangu, Royce Hatley, afungiwe maisha. Sababu ni hizi:

1. Mchezo huu nimeujenga kwa jasho langu na kwa gari la mke wangu, Odessa. Mwaka wa kwanza tulishindana kwenye malisho ya ng'ombe, milango tumeifunga kwa mikanda ya suruali. Odessa alipotoka kanisani akakuta viti vya gari vimeng'olewa, aliuliza, "Thurlow, mimi nikae wapi, juu ya injini?" Mtu anayejenga historia hajibu kila swali.

2. Jumamosi iliyopita Royce alikuwa anaongoza, na mizunguko mitatu tu imebaki. Taji langu la kwanza lilikuwa limeshaanza kunukia. Mara gari namba 9 likapinduka kwenye kona, likashika moto. Madereva wenye akili zao walilikwepa. Royce akafunga breki! Akashuka, akavunja kioo kwa buti, akaanza kumvuta dereva. Nikapiga kelele, "Royce! Rudi garini, mpumbavu wee!" Naye akajibu, "Bosi, acha maneno, njoo ushike miguu!" Natumaini Chama kina kanuni kuhusu dereva anayemtuma mwenye gari mbele ya watu.

3. Nilishika miguu. Yaani niliingia uwanjani bila kibali, kosa ambalo nisingelifanya kama si Royce. Nyusi zangu zimeungua. Naye namdai nyusi.

4. Mtasikia watu wakisema kwamba aliyeokolewa ni mwanangu, Dewey. Ni kweli, lakini sheria haina undugu. Dewey alihamia kwa wapinzani mwezi Mei, akiliita gari langu "banda la kuku lenye magurudumu." Tangu hapo hatukusemezana. Sasa, kwa sababu ya Royce, yuko kwenye kitanda chake cha zamani, mikono imefungwa bandeji, na mimi namlisha uji wa mahindi kwa kijiko huku yeye akinieleza kasoro za injini yangu. Madereva wote wakiiga tabia hii, kila mmiliki atarudishiwa watoto wake nyumbani. Tutashindana na nani?

Nisalimie wajumbe, wapeperusha bendera, na yule mama wa soseji pale langoni.

Wako katika vumbi la udongo mwekundu,
Thurlow Pardue

N.B. Kabla sijafunga bahasha, nasikia mjumbe wenu mmoja anataka kweli kumwadhibu Royce kwa kuacha gari njiani. Athubutu! Nitakuja hapo na spana. Royce mwenyewe yuko jikoni kwetu, anakula kuku wa kukaanga. Nilikwenda kumwambia asante, nikaishia kuchukua sahani yake. Nikamwongezea paja.