Peremende za Bibi Geesje na Sukari ya Harm

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemkamata mwizi! Si mtu. Ni siku. Ni Jumapili!

Nieleze taratibu, maana furaha inanirusharusha. Tangu Daktari Olmstead amwambie mume wangu Harm kwamba sukari imempanda, nyumba hii imegeuka. Biskuti nje. Soda nje. Mkate mweupe nje. Sasa ni dengu, sukuma na samaki. Kila jioni Harm anadungwa kidole, na binti yetu Femke, miaka kumi na miwili, anaweka nukta kwenye karatasi kubwa mlangoni mwa friji, kisha anaunganisha mstari. Ndiyo hesabu yake ya muhula huu. Huo ndio utamu wa kuwasomesha watoto nyumbani. Hakuna kinachopotea. Hata damu ya baba yao ni somo.

Leo nimesimama mbele ya mstari ule na mwiko mkononi. Siku za kazi umelala kama paka. Jumapili unaruka kama panzi. Kila Jumapili! Dengu zikaungua, sikujali.

Tarehe 24 anarudi kwa daktari. Sukari isiposhuka, ataanza sindano. Na Harm wangu, anayeendesha lori la maziwa kwenye theluji huku akipiga mluzi, akiona sindano anaanguka. Femke alipochanjwa yeye ndiye aliyezimia. Manesi walimwacha mtoto wakamkimbilia baba. Hata hicho kidole anadungwa akiwa amefumba macho na kuimba zaburi.

Bwana, nionyeshe kinachotokea Jumapili. Amina.

Jumanne, 7 Oktoba

Bwana amejibu! Tena upesi. Nilikuwa nafua.

Peremende!

Kanisani kwetu mchungaji akifungua mahubiri, mikoba nayo inafunguka. Pa, pa, pa, benchi hadi benchi. Peremende moja kwa hoja ya kwanza, moja kwa ya pili, moja kwa ya tatu. Na ghala la benchi letu ni mama mkwe wangu, Bibi Geesje, miaka themanini na moja, anayeishi hapo ng'ambo ya ua. Harm amekaa ubavuni mwake tangu miguu haijafika sakafuni. Wengine tunapewa moja moja. Yeye anapenyezewa mbili mbili.

Nimemuuliza. Amekuwa mwekundu kama kiazi sukari. Kasema: “Mama Femke, yule ni mama yangu. Nikikataa peremende yake atadhani nimehama dhehebu.”

Basi nikavuka ua, nikamwomba mama mkwe kwa adabu zangu zote. Akanitazama juu ya miwani. “Mkwe wangu,” akasema, “nimezika mume, kaka watatu na wachungaji wawili. Hakuna hata mmoja aliyeuawa na peremende.”

Akanimiminia kahawa. Hivyo ndivyo anavyofunga mjadala.

Haya. Tutaona!

Alhamisi, 9 Oktoba

Mpango upo. Mzuri mpaka naogopa kulala nisije nikausahau.

Nitatengeneza peremende zangu mwenyewe! Unga wa maharagwe meupe, ute wa yai, majani ya mnanaa ya dirishani. Zilikuwa zinavunjika, basi nikaongeza ule unga wa maganda ya mbegu wa kulainisha choo, ili zishikane. Nikazikausha kwenye oveni. Duara, nyeupe, nzuri. Nikawaambia watoto ni somo la kemia.

Tirza ana miaka saba na ndiyo kwanza amekolea kusoma, anasoma kila kilichoandikwa. Akachukua pakiti ya ule unga akasoma kwa sauti: “Tumia na maji mengi. Hufura.” Nikamsifu kwa matamshi, nikamtuma nje akacheze.

Femke ni mgumu zaidi. “Mama, huu si ulaghai?” Nikamkumbusha Rebeka, alivyomvika Yakobo ngozi ya mbuzi amdanganye mzee Isaka, na baraka ikapatikana. Akafikiri kidogo. Akasema baada ya hapo Yakobo alikimbia nyumbani, na Rebeka hakumwona tena.

Nikampa hesabu za ziada.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimefanikiwa!

Jumamosi ni siku ya kuoka, kwa kuwa siku ya Bwana sisi jiko hatuwashi. Nilioka trei zangu za vipande vya afya: shayiri, tende, asali, zabibu kavu, na tende tena kidogo. Sukari, hata punje! Harm anavila Jumapili kutwa, badala ya mkate asubuhi, badala ya keki mchana, na akirudi ibada ya jioni. Angalau kwangu anapata mahali pa kupumzisha mwili.

Nikachukua sahani ya vipande, nikavuka ua. Bibi Geesje akaingia jikoni kutafuta vikombe. Mkoba wake uko kitini. Nikaufungua. Pa! Kama bunduki! Nikakohoa kuficha mlio.

“Una kifua?” akauliza toka jikoni.

“Kidogo tu, Mama.”

“Basi chukua peremende humo mkobani.”

Nimeruhusiwa! Bwana amefungua mlango na bado ameushikilia nipite! Nikatoa zake, nikaweka zangu kwenye karatasi ile ile, nikaikunja vilevile alivyoikunja. Nikanywa kahawa kama malaika.

Jumapili, 12 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Nianzie kwenye mahubiri. Mchungaji Wiersma alihubiri juu ya kuutawala ulimi. Mikoba, pa, pa. Peremende zangu zikapita benchi letu. Bibi Geesje akafurahi kuona leo kanisa zima lina kiu ya neno, akapitisha na benchi la nyuma, kwa Mzee Dykhuis na mkewe. Sikuweza kumshika mkono. Ningemshika kwa sababu gani?

Mwanzoni kimya. Nikasema moyoni, utukufu kwa Mungu.

Halafu zikaanza kufura.

Femke hakuila, aliificha kwenye soksi. Mimi niliila kwa kuwa ni yangu. Ikakua. Nikatafuna, ikakua zaidi. Ikanata juu, ikanata chini. Nikamtazama Harm, machozi yanamtoka, anatafuna kama ng'ombe mwenye imani. Nyuma yetu Mzee Dykhuis anatoa sauti ya kisima kinachokauka. Na mchungaji, masikini, akaona benchi mbili nzima zimefumba midomo na kulia, akadhani neno limewachoma. Akaongeza hoja ya nne!

Kisha zaburi ya kufunga. Bibi Geesje huimba kuliko kinanda. Mpiga kinanda mwenyewe humfuata yeye. Akasimama, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

“Mmmmm.”

Meno yake bandia yameshikana, ya juu na ya chini, kama mlango uliopakwa saruji. Kanisa zima likageuka. Mchungaji akashuka mimbarini kuuliza kama amepooza. Bibi akatoa leso, akageukia ukuta, akayatoa yote kwa pamoja, katikati peremende yangu, kubwa kama andazi.

Nimetubu kwa Mungu pale pale. Kwa mama mkwe nitatubu ikipatikana nafasi nzuri.

Jambo la ajabu: jioni mstari wa Harm umeruka tena. Juu kuliko wiki iliyopita! Na peremende zilikuwa za maharagwe! Nadhani ni mshtuko.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nafasi nzuri imekuja yenyewe, saa ya kifungua kinywa, ikiwa na fimbo.

Bibi Geesje hakubisha hodi. Akaweka mezani kile kidude, kimefungwa kwenye leso. Akasema: “Mji huu una mwanamke mmoja tu mwenye mikono ya kupika saruji.”

Nikalia. Nikaungama yote, Rebeka na ngozi ya mbuzi. Nikamwambia sitaki Harm aanze sindano, nikamwambia kila akisinzia kitini namsogelea kusikiliza kama anapumua. Bibi akakaa. Halafu akasema yeye pia husimama dirishani mpaka taa za lori zionekane. Tukashikana mikono juu ya leso ile.

Halafu akaharibu. “Lakini si peremende zangu.”

“Ni peremende zako, Mama.”

“Si zangu.”

“Ni zako!”

Femke akainua kichwa kwenye daftari. Akasema hili si jambo la kubishana, ni la kupima. Bibi Geesje akamwambia: “Mjukuu wangu, umepata akili kutoka ukoo wetu.”

Jumatano, 15 Oktoba

Somo la sayansi. Harm alikuwa na mapumziko, kwa hiyo alikuwa panya wa maabara. Alivaa shati safi.

Asubuhi Femke alimpima, akampa peremende tatu za Bibi, za kweli, akasubiri, akampima tena. Mstari ukainua shingo kidogo, ukalala. Bibi Geesje akanitazama. Nikatazama dari.

Mchana akampima, akampa vipande vyangu vya afya, vingapi nilisema mimi, vile vile anavyokula Jumapili. Akasubiri. Akampima.

Mstari umepita karatasi. Femke alibandika karatasi nyingine juu yake. Imefika mlango wa juu, wa barafu!

Femke akaeleza taratibu, kama anavyomweleza Tirza. Tende ni tamu kwa sababu ya sukari. Asali pia. Zabibu kavu pia. Mwili haujali imetoka kiwandani au kwa nyuki. Harm alikuwa anakodolea vidole vya miguu yake. Bibi Geesje akasema, “Basi ni saruji kanisani na sumu nyumbani,” wakacheka yeye na Tirza mpaka wakashikana.

Nimewaza sana, nikasali pia. Nyuki wameumbwa na nani? Tende ziko katika nchi ya ahadi. Asali imeandikwa wazi. Bwana hawezi kuahidi watu wake ugonjwa. Kwa hiyo kosa liko kwenye kile kipimo. Nimekifuta kwa kitambaa chenye unyevu, nimekiweka kwenye droo kipumzike.

Ila mimi si mbishi. Nimepunguza tende. Nimeweka zabibu mahali pake.

Jumapili, 19 Oktoba

Angalia sasa! Harm amechukua vipande vyake trei nzima, akasema atavila nje akiitazama kazi ya Mungu. Akarudi na trei tupu, hata chembe haipo. Akafanya hivyo asubuhi, akafanya mchana. Kanisani Bibi alimpa peremende moja, moja tu, kwa hiari yake, na mimi nikapewa mbili.

Jioni Femke amempima. Mstari umelala. Jumapili!

Zabibu! Nilijua!

Ijumaa, 24 Oktoba

Haleluya! Haleluya! Naandika nikiwa garini!

Sukari imeshuka! Hakuna sindano! Harm alisubiri majibu akiwa ameshika mkono wangu mpaka pete ikaniingia nyamani, na Daktari Olmstead aliposema “vizuri sana,” akaanguka. Ndiyo, alizimia, kwa furaha. Manesi wanamjua sasa, walikuwa na mto tayari.

Alipozinduka daktari akanigeukia mimi. Mimi! Akasema: “Mama, sijui unafanya nini nyumbani kwako, lakini endelea hivyo hivyo.”

Femke akafungua mdomo. Harm, bado yuko sakafuni, akamfinya mguu.

Endelea hivyo hivyo. Nitaishona kwenye kitambaa niitundike jikoni.

Jumamosi, 25 Oktoba

Asubuhi Tirza alikuja akasimama kando yangu na uso wa mtu aliyebeba siri nzito. Akasema: “Mama, baba havili vile vipande. Anawapa kuku wa Bibi. Bibi anamfungulia banda.”

Nikaacha kukanda. Nikamwuliza tangu lini. Tangu ile siku ya sayansi, akasema, na baba alimwambia asiseme kwa sababu mama ana moyo laini.

Nikakaa chini. Nimecheka mpaka machozi! Harm wangu! Ndiye huyo huyo niliyeolewa naye, hana kitu asichogawa. Chakula chenyewe kilichomponya, na bado anawafikiria kuku! Halafu hao kuku wenyewe, nimekwenda kuwaona, wamenona, mabawa yanang'aa, mmoja hawezi tena kupanda ngazi ya banda kwa afya.

Basi kosa ni langu, nimekuwa naoka kidogo. Mume anajinyima ili viwatoshe wote. Kuanzia leo trei ni sita. Na nimeviboresha! Jirani kaniletea ndoo ya shira ya mepo, maji ya mti tu yaliyochemshwa, hakuna mkono wa mwanadamu. Nimemimina yote. Alhamisi nawapelekea kina mama wa kundi letu la shule za nyumbani, nimeshawapigia simu, na boksi moja ni la Daktari Olmstead, maana alikuwa amechoka usoni.

Trei ya nne iko ndani ya oveni. Harufu imejaa nyumba nzima. Harm amesimama mlango wa nyuma, koti limefungwa, ndoo mkononi, ananiuliza kwa upole kama zimepoa.

Mtu hawezi hata kusubiri!