Nimeliziba Pua Gari la Kaka

Leo ni Jumamosi. Niliyempoteza ni kaka yangu Shabani, na arobaini yake tumeisoma juzi. Hapo sina cha kuongeza. Ila leo nimeumbuka, jamani. Nimeumbuka Segera, pale njia panda, jua la utosi, mbele ya watu waendao Tanga, waendao Arusha na waendao Dar.

Kaka ameacha gari. Dogo, la Kijerumani, la zamani kuliko mimi, viti viwili tu, limelala chini kama kobe. Alilipata kwa meneja mmoja wa shamba la katani aliyekuwa anarudi kwao. Injini iko nyuma. Halina rejeta. Halitaki maji hata tone, linapozwa na upepo. Kaka alikuwa akisema, "Magari mengine yanakunywa, hili linapumua." (Maneno hayo nayajua kama jina langu. Ndiyo maana aibu yangu haina dawa.)

Baba mdogo, anayekaa Manundu pale Korogwe, hakutaka gari hilo libaki. Kila akiliona anamwona marehemu. Akaongea na mtu wa vyuma chakavu. Mimi nikamwomba aniachie.

"Wewe Rajabu? Utaliweza?"

"Nitaliweza, baba mdogo."

"Haya. Jumamosi lilete hapa Korogwe. Likifika kwa nguvu zake, lako. Likifika linavutwa kwa kamba, linakatwa."

Nikakubali. Mimi nimeishia darasa la saba na si msemaji, lakini neno nikishalitoa nimelitoa.

Asubuhi nikatoka Handeni na Shangazi. Yeye alikuwa anarudisha mikeka ya ukindu ya kikundi cha akina mama wa Manundu, ile waliyokuja nayo msibani. Mikeka mirefu, minene, imeviringishwa. Ndani haikuingia. Mbele, panapowekwa mizigo, Shangazi alishajaza masufuria na nguo zake. Nikaichukua mikeka, nikailaza juu ya kifuniko cha nyuma, nikaifunga kwa kamba ya katani. Nikaivuta ikakaza. Nikarudi hatua moja nyuma nikaitazama. Nikajisifu. (Naam. Nilijisifu.)

Tukapita njia ya Mkata, maana Shangazi alitaka machungwa ya Segera.

Kabla hata ya Mkata, mshale wa joto ukapanda. Harufu ya oili ikaingia ndani. Gari likawa zito kama limebeba matofali.

"Rajabu, kunanuka."

"Ni oili, Shangazi."

"Nanusa. Nakuuliza kwa nini inanuka."

Nikaegesha pembeni, nikavunja matawi nikayaweka barabarani ili wanaokuja wajue kuna gari bovu. Nikaifungua mikeka ili niweze kuinua kifuniko. Shangazi akachukua mmoja akautandika kivulini, akaketi. Nikafungua mfuko wa spana wa kaka. Kitambaa chake kilikuwa mle, bado kina alama za vidole vyake. Nikachuchumaa pale kidogo, sikufanya kitu. Shangazi aliniona, akageuzia uso barabarani.

Kisha nikainuka. Nikapima oili, imepungua kidogo. Nikaongeza. Tukangoja injini ipoe. Nikawasha, mshale umetulia pale pale unapotakiwa!

"Ilikuwa oili," nikamwambia Shangazi, kwa sauti ya fundi mkuu.

Nikairudisha mikeka juu ya kifuniko. Nikaikaza zaidi.

Kabuku, mshale juu tena. Safari hii injini ilianza kugonga. Nikasimama, nikavunja matawi, nikaifungua mikeka, Shangazi akatandika, akaketi. Nikasema moyoni, gari la Shabani halikatwi leo. Nikakagua feni, inazunguka. Nikashika mkanda wa feni, umelegea kidogo. Nikaukaza, nikachubua vidole viwili. Nikafuta plagi ingawa hazikuniomba. Nikawasha. Mshale umetulia!

Nikampigia Baba mdogo bila kuulizwa. "Baba mdogo, palikuwa na tatizo, nimeligundua. Mkanda wa feni."

"Sawa. Mtu wa vyuma yuko hapa, anakunywa chai."

Nikairudisha mikeka. Nikaongeza fundo.

Segera sasa. Tumeikaribia njia panda, mshale ukapanda ukapita hata mahali penye namba. Gari likakohoa, likasimama mbele kabisa ya wauza machungwa. Moshi mwembamba nyuma. Kabla sijashuka, vijana wa bodaboda wameshafika na ndoo.

"Gari limechemsha! Leteni maji!"

"Msimwage!" nikapiga kelele. Mimi, ambaye tangu msiba sauti yangu haijasikika hata chumba cha pili.

Mmoja alikwishafungua mbele. Akakuta masufuria na kanga. Akarudi nyuma, kakodoa macho. "Oya, huyu kaibiwa injini!"

Watu wakajaa. Shangazi akashuka, akatafuta kivuli. Nilikuwa nimechoka, nina vidonda vya vidole, na kule Manundu kuna mtu anakunywa chai akilisubiri gari la ndugu yangu. Nikaona niwaelimishe. Nikasimama nyuma ya gari kama mwalimu.

"Sikilizeni! Gari hili halichemshi. Halina rejeta, halina maji. Mengine yanakunywa, hili linapumua! Linavuta upepo kwa nyuma. Pua yake ni hapa!"

Nikapiga kofi kwa nguvu pale penye pua.

Kofi likatua kwenye mkeka. Vumbi likaruka.

Mama mmoja muuza machungwa, kisu mkononi, chungwa limemenywa nusu, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Sasa mwanangu, mbona umeliziba pua?"

Niliitazama mikeka. Nikayatazama matundu ya chuma chini yake, yale ya kuingizia upepo, yamefunikwa pande zote kama maiti. Nikazikumbuka zile safari mbili nilizoifungua, gari likapoa, nikaifunga tena kwa mikono yangu hii. Nikaongeza na fundo!

Yule wa ndoo akadakia. "Kumbe gari halijachemsha. Aliyechemsha ni dereva!"

Segera ikaangua kicheko. Shangazi naye, damu yangu kabisa, alicheka mpaka akamshika bega muuza machungwa.

Gari lilipopoa, mikeka ikapakiwa kwenye bodaboda. Shangazi akagoma. "Mikeka ya watu haisafiri na mgeni." Akapanda bodaboda, mikeka kaikumbatia, akatangulia. Mimi nikafuata polepole, vioo wazi. Mshale haukutikisika mpaka Korogwe.

Nilipoingia uani Manundu nilijua habari imeshafika. Akina mama walikuwa wamejifunika kanga midomoni. Baba mdogo amesimama, kamba ya kuvutia iko begani, mtu wa vyuma yuko pembeni yake.

"Limefika lenyewe?"

"Limefika lenyewe. Ila limesimama mara tatu, baba mdogo, na kosa ni langu. Na ule mkanda wa feni haukuwa na tatizo."

Wakati huo mwenyekiti wa kikundi alikuwa anaikunjua mikeka. Ule wa chini ulipofunguka, katikati ulikuwa na mistari ya kuungua, imenyooka, imepangana, sura ile ile ya matundu ya gari.

"Huu mmeurudisha au mmeuchoma kama samaki?" akauliza.

Baba mdogo aliutazama mkeka. Akanitazama mimi. Tangu tumzike Shabani sikuwahi kuyaona meno yake. Leo alicheka mpaka kamba ikamteleza begani, akaketi chini juu ya mkeka wenyewe, akafuta machozi, na machozi hayakuisha upesi. Nikaketi kando yake.

Baadaye akamwambia mtu wa vyuma, "Maliza chai yako, mzee. Gari lina mwenyewe."

Mkeka akina mama wametuachia; sasa umetundikwa barazani kwa Baba mdogo, na kila anayekuja anaonyeshwa. Naombeni mcheke taratibu. Bado nina msiba.