Hotuba Niliyoinyima Mikato

Jamani, nimedhalilika mchana kweupe. Bora niwaambie mwenyewe kabla bodaboda hawajaifikisha habari hii Tunduru.

Shida zangu zilianza mwaka 1969, nikiwa na miaka tisa. Baba alifariki, nikaacha shule darasa la pili. Nilitoka na kitu kimoja tu: ukiona mkato, pumua; ukiona nukta, pumzika; usipoona alama, songa mbele. (Kiliingia kwa fimbo. Hakitoki.)

Leo chama chetu cha wakulima wa mahindi kilikuwa kinachagua mwenyekiti. Tulibaki wawili, mimi na Mwalimu Mapunda, mstaafu. Kiti kile nimekitamani miaka yote. Nilitaka wale wanaoniita "yule asiyesoma" waninyooshee mkono kuomba ruhusa ya kusema!

Binti yangu Skola, anayeandika programu za kompyuta, alinichapia hotuba. Asubuhi nikaitazama. Mikato imemwagika kama ulezi!

"We Skola, unataka watu waseme nina pumu?"

"Baba, iache. Mimi kazini nikisahau mkato mmoja tu, programu nzima inagoma."

"Kompyuta haina mapafu. Mimi ninayo. Toa yote!"

Akatoa. Akaniangalia kwa huruma. (Nilidhani ni heshima.)

Ukumbini nikasimama, nikasalimia, nikaanza. Sentensi ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ilikuwa ukurasa mzima. Natafuta mkato, hakuna. Natafuta nukta, iko kule chini kabisa. Macho yananitoka. Masikio yanavuma. Nipumue kwa kuiba, mbele ya wanachama wote? Mimi? Nikakaza.

Nilipofika "mimi bado nina nguvu kuliko vijana wote wa hapa", taa zikazimika. Zangu peke yangu.

Nikaangukia meza kuu, juu ya soda za wageni.

"Mama yangu! Mzee amekufa!"

Mama mmoja akaanzisha sala ya marehemu. Namsikia kabisa! Na anayenipepea kwa kofia ni nani? Mapunda, mpinzani wangu.

"Pumua, mzee mwenzangu! Pumua!"

Nami, kwa ujinga wangu wote, nikamjibu: "Sijafika kwenye nukta."

Ukumbi ulilipuka. Hata yule mama aliyekuwa akiniombea alikatisha sala akashika mbavu. Kura zikapigwa nimelazwa kwenye benchi, shati limelowa soda ya chungwa. Mapunda akapita. Skola akaniinamia, akasema taratibu, "Pole, baba." Angenicheka tu, isingeuma hivi.

Basi. Nina nyumba ya tofali za kuchoma hapa Mshangano, shamba la mahindi, ng'ombe sita, na mashine ya kusaga inayotegemewa na mtaa mzima. Uenyekiti sina.

Atakayecheka, mahindi yake akatwange kwenye kinu.