Msalaba wa Buluu Usoni kwa Zeferino

Jumatatu, 3 Machi 2008. Lisbon.

Nimepata! Miaka mitano napekua majarida ya enzi za udikteta, natafuta kitu cha kuwatetemesha wasomi wenzangu. Leo saa tano asubuhi kimejileta chenyewe mezani.

Jarida ni Lar e Pátria, toleo la Juni 1953, ukurasa wa kumi na mbili. Waziri anazindua bomba la maji kijijini Vale de Murtas. Ameinama, anakunywa kwa viganja. Wanawake wa aproni nyeupe wamesimama mstari mmoja wakitabasamu, kama walivyopangwa. Pembeni kabisa yuko kijana mwenye mikono ya shati iliyolowa. Na juu ya uso wake kuna msalaba. Wa penseli ya buluu!

Mtu yeyote wa fani yetu ya historia anajua penseli ya buluu. Ndiyo waliyotumia wakaguzi wa serikali kufuta habari na picha wasizozitaka. Basi kijana huyu alikuwa mtu hatari, mpinzani aliyesimama hatua tatu tu kutoka kwa waziri. Na shati lile limelowa jasho la mtu anayewindwa. Nani mwingine angeliona hilo? Hakuna.

Profesa Leocádia Seixas ana nafasi moja tu ya ajira ya kudumu hapa kwenye taasisi. Atampa mwenye mada bora kwenye kongamano la tarehe 14. Tunaoigombea ni wawili, mimi na Graça Fontoura. Nikiikosa, narudi kwetu Beja kumsaidia shemeji yangu kuuza matairi. Ila sitaikosa. Graça amekaa miezi minane akipima vivuli kwenye picha. Vivuli! Alipopita mezani kwangu nililifunika jarida kwa kiwiko.

Jumanne, 4 Machi

Nimelificha jarida ndani ya boksi la majarida ya kilimo ili Graça asilione. Mpango safi. Bwana Abílio, mtunza nyaraka, alilikuta baada ya dakika kumi. Aliniita Daktari, kama anavyomwita kila mwenye miwani, ingawa tasnifu yangu haijaisha. Akasema hata panya wa humu ndani hurudisha vitu mahali pake. Nikacheka naye. Mtu mkubwa hanuni.

Faida imepatikana hata hivyo. Alipokuwa akinigombeza niliona karatasi nyuma ya jalada: zawadi ya Perpétua Caeiro, Vale de Murtas. Ameishika siri hii nyumbani kwake miaka yote! Keshokutwa naenda.

Alhamisi, 6 Machi

Vale de Murtas. Upepo, mbwa watatu, kanisa lililofungwa. Bibi Perpétua, au Dona Perpétua kama wanavyomwita hapa, ana miaka sabini na saba na nyumba iliyojaa randa na misumeno ya marehemu baba yake, seremala. Alinilisha supu ya mkate yenye kitunguu saumu cha kutosha kuua kikosi kizima. Nikamwonyesha nakala ya picha. Akaisogeza dirishani kwenye mwanga.

“Huyo ni Zeferino,” akasema. “Tulikuwa tuoane Jumamosi. Ijumaa akapanda lori, akaenda Ufaransa. Aliniambia anakwenda kununua viatu.”

Ufaransa! Uhamishoni! Nusura niipindue supu. Nikamuuliza kama polisi walikuwa wakimfuata. Akasema aliyekuwa akimfuata ni yule baba seremala, na nyundo mkononi. Wazee wana namna yao ya kusema mambo mazito kwa mafumbo.

Baada ya hapo akaanza hadithi ya maji. Eti bomba lile halikuwahi kuunganishwa na chochote. Eti nyuma ya ukuta kulikuwa na pipa la zimamoto na vijana watatu wakipampu kwa mkono, Zeferino mmoja wao, akanaswa na kamera alipochungulia. Mpiga picha aliporidhika, pipa likaondoka na maji yake. Wanawake wakavua aproni, ambazo zilikuwa mali ya wizara, wakarudi kuchota mtoni. Nikazima kinasa sauti nisimalize betri. Nimekuja kutafuta mapambano ya ukombozi, si historia ya mabomba.

Wakati wa kuagana alinishika mkono. Akasema jarida lile alilitoa zawadi kwa hasira siku paa lilipovuja na hapakuwa na mume wa kuliziba, na sasa anajuta, maana hana picha nyingine ya Zeferino. Hasira zimekwisha, akasema, ila hamu ya kumwona haijaisha. Akaniomba nimpelekee picha moja iliyo safi. Nikaapa kwa heshima yangu kwamba ndani ya wiki ataipata. Aliniamini kabisa, na kusema kweli niliguswa. Nakala niliyokuwa nayo sikuweza kumwachia, ni ushahidi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimejishinda kwa werevu. Graça amesikia nilikuwa safarini, akaniuliza nimepata nini. Badala ya kumficha, nimempa! Nimemwandikia anwani ya Dona Perpétua na kumwambia kwa unyonge kwamba bibi ana hadithi ndefu sana ya maji, labda yeye ataambulia kitu. Atapoteza siku mbili nzima akinywa supu na kusikiliza habari za pipa. Akanishukuru! Akasema hakujua kama nina roho nzuri hivyo. Nikainamisha macho.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga. Mimi nimemchimbia na ngazi nimeiondoa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimezungumza dakika arobaini badala ya ishirini. Ukumbi umejaa. Nimemwonyesha Zeferino kwenye skrini akiwa mkubwa kama mlango, nikaeleza jasho, msalaba, uhamisho. Nikamwita shahidi aliyefutwa uso na dola. Mama mmoja safu ya mbele alitoa leso.

Zamu ya Graça ikafika. Hakuonyesha vivuli. Alisema anamshukuru mwenzake Teodósio Quaresma, yaani mimi, kwa ukarimu wake, kisha akabonyeza kinasa sauti, na sauti ya Dona Perpétua ikajaa ukumbini. Aliieleza habari yote ya pipa, ya vijana waliopampu hadi mashati yakalowa, ya aproni zilizokusanywa na kuhesabiwa. Graça alikuwa na picha za bomba lenyewe, ambalo hadi leo halina hata paipu nyuma yake. Alikuwa hata na picha za hati za wizara za kuazimisha aproni. Halafu kinasa sauti kikaendelea:

“Msalaba? Nilichora mimi, mwanangu. Kwa penseli ya baba ya kuwekea alama mbao. Mwanamume ameniacha na keki mezani, nimchoree maua?”

Ukumbi ulicheka kwa muda mrefu kupita kiasi.

Profesa Leocádia alingoja watulie. Hakupandisha sauti. “Teodósio, wakaguzi walisoma kurasa kabla hazijachapwa. Wewe umeshika jarida lililochapwa na kuuzwa. Mkaguzi angelifuata kila moja nyumbani kwa mnunuzi?”

Nikajibu kwamba swali lake linafungua uwanja mpya wa utafiti. Akasema asante, keti.

Jumatatu, 17 Machi

Nafasi kapewa Graça. Upendeleo mtupu. Shemeji amepiga simu kuuliza nakuja lini. Nimemwambia nina shughuli nzito za kitaaluma.

Na kweli ninazo. Leo mpiga picha wa jarida la chuo amekuja kumpiga Graça picha. Graça alikuwa kwenye kikao, basi nikamwokoa yule kijana asikae bure. Nikakalia kiti cha Graça, nikavaa glavu nyeupe, nikapanga maboksi ishirini nyuma yangu. Kumi na saba matupu, nani atajua? Nikashika kioo cha kukuzia. Nikamwomba apige kutoka chini kidogo ili nionekane mrefu. Bwana Abílio nikamsimamisha pembeni atabasamu. Aligoma, nikamwondoa kwenye picha.

Imetoka vizuri sana. Picha haidanganyi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekumbuka ahadi. Heshima ni heshima! Ila picha safi ya Zeferino inataka fomu tatu na sahihi ya Abílio, naye haniangalii. Nimemtumia Dona Perpétua jarida la chuo lililotoka jana, lenye picha yangu, badala yake. Kwa nini mtu amtazame mkimbizi wa harusi wakati anaweza kumtazama mtafiti? Atalitundika ukutani.

Jumatano, 2 Aprili

Bahasha kutoka Vale de Murtas. Nimerudishiwa jarida langu, bila barua. Nimefungua ukurasa.

Juu ya uso wangu kuna msalaba. Wa penseli ya buluu!

Wananifuatilia. Sasa ni wazi kwamba wakaguzi wale hawakuvunjwa, wapo, na wana mkono mpaka ofisi ya posta ya kijijini. Masikini Dona Perpétua, sijui wamemtisha vipi mpaka akakubali kuipitisha bahasha hiyo. Nimepima mistari kwa rula. Ni mkono uleule wa mwaka 1953!

Nimemwandikia Profesa Leocádia kuomba nafasi kwenye kongamano la mwakani. Safari hii nitahitaji saa nzima.