Zabibu za Wifi Attracta

Jumatatu, 12 Machi

Vita vimetangazwa! Tena jana, mlangoni mwa kanisa, watu wamesimama wanajifanya wanatafuta funguo.

Wifi yangu Attracta, dada wa marehemu mume wangu, karudi kutoka Boston baada ya miaka arobaini na mitatu. Karudi na meno mapya. Anasema mkate wa chakula cha Mtakatifu Patriki mwaka huu ataoka yeye. Yeye! Miaka arobaini na mmoja naoka mimi. Hajafa mtu.

Na mkate wenyewe anaoujua! Zabibu. Sukari. Mayai mawili. Kisibiti! Hiyo ni keki iliyopotea njia. Mkate wa magadi ni unga, magadi, chumvi na mtindi. Basi. Ukitia kitu cha tano umeanza kuwadanganya watu.

Hayo ningeyameza. Lakini akagusa chungu. Chungu cha chuma cha mama mkwe, cha miguu mitatu, ambacho mpaka leo nakitia motoni na kupalia makaa juu ya kifuniko. Anasema chungu ni cha binti wa nyumba, si cha mtu aliyeolewa humo. Aliyeolewa humo! Nani alimwosha mama yake miaka sita ya mwisho? Boston?

Mwanangu Fintan, anayeogopa kelele za wanawake kuliko fahali, akatoa hukumu yake. Kila mmoja aoke wake. Tukutane kwake Jumamosi. Mkate utakaokwisha kwanza mezani, mwenyewe ndiye mwenye chungu. Nikasema sawa. Ningesema nini, na Padri anatazama?

Maana Padri Loftus ndiye niliyemwahidi. Wenzangu Kwaresima hii wameacha peremende. Mimi nimeacha kumsema vibaya Attracta. Padri alicheka mpaka kibanda cha maungamo kikatikisika.

Kuandika si kusema. Sikumuuliza Padri. Sina haja.

Jumanne, 13 Machi

Mkate wa mazoezi. Mtindi wa dukani, wa boksi, mwepesi kama maji ya kuoshea miguu.

Umetoka jiwe! Nimewatupia kuku. Wameuzunguka mara mbili, wakaenda zao.

Jirani yangu Mattie Tansey alikuwa anapita na ng'ombe wake. Akauona uani, akaniuliza naanza kujenga ukuta lini. Nikamwambia ajenge kwanza wake, ng'ombe wake wasile kabichi zangu.

Kosa ni la mtindi. Na la hali ya hewa. Nimelitazama na kopo la magadi pia. Lina picha ya mwanamke mwenye nywele za mtindo ulioisha nikiwa msichana. Huenda yamekufa. Nimenunua mapya, lakini kosa ni la mtindi.

Jumatano, 14 Machi

Nimekwenda kupeleleza. Nilichukua mwavuli wangu mwenyewe, nikamwambia Attracta nahisi ni wake, namrudishia. Kaupokea! Sasa sina mwavuli.

Jikoni kwake mtu anaweza kufanyiwa upasuaji. Anapima unga kwa mizani. Anasoma kwenye karatasi! Mimi sikupita darasa la sita, lakini mkate sijawahi kuusoma.

Mezani palikuwa na bakuli la zabibu zimelowekwa. Nikanusa. Wiski! Na Attracta kaacha pombe Kwaresima yote, kalitangazia kanisa zima. Nikamuuliza kwa upole. Akajibu bila aibu:

"Zinazokunywa ni zabibu, wifi. Mimi nazisimamia tu."

Halafu akakaa, akakunja mikono, akaniambia kwamba mama yake alikuwa akimwandikia Boston. Kwamba mkate wangu, mwaka wa kwanza nilioolewa, waliutumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Nilikuwa na majibu kumi na manne. Nikayatafuna yote. Nikamwambia madirisha yake ni masafi.

Alipokwenda kupokea simu, nilijaza zabibu mifuko yote miwili ya aproni. Huo si wizi. Kabaki na mwavuli.

Alhamisi, 15 Machi

Sikulala vizuri, nikapiga hesabu. Hukumu ya Fintan haisemi mkate bora. Inasema mkate utakaokwisha kwanza. Na kitu kitamu hukwisha kwanza! Wajukuu wanne mezani, na keki mbele yao. Nimetiwa mtegoni na mwanangu wa kumzaa!

Nikaoka mmoja wa zabibu. Wa kujaribu tu. Mapazia nilifunga.

Fintan kapita kuangalia bomba langu. Kala kipande. Kala nusu. Kasimama na bisibisi mkononi akamaliza wote, kisha akaniambia hajawahi kula mkate wangu mtamu namna hii, Mama, tangu azaliwe. Tangu azaliwe! Miaka arobaini nimemlisha huyu.

Nilimfukuza. Bomba bado linavuja.

Lakini sasa najua. Jumamosi naoka wa zabibu. Nitampiga Attracta kwa fimbo yake mwenyewe. Mama mkwe akiniona toka aliko, afumbe macho. Nafanya kwa ajili ya chungu chake.

Ijumaa, 16 Machi

Mtindi wa kweli uko kwa Mattie peke yake. Bado anasuka maziwa kwa mkono kupata siagi, mzee yule, na mtindi wake unashika kijiko.

Nimefika, nakuta Attracta kashachukua mtungi mzima! Mattie kanibakishia kikombe na nusu. Anasema wifi yako kaja asubuhi na mapema, kauliza maswali ya ajabu. Mama yake alitia unga konzi ngapi? Unga aliukanda au aliugusa tu? Mattie kamwambia aliugusa tu, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga.

Nimecheka njia nzima. Mwenye zabibu na mizani yake ana haja gani na konzi za mama? Acha aulize. Kachanganyikiwa.

Zabibu zinanukia mpaka chumbani. Nimeonja sita. Kuhakikisha.

Jumamosi, 17 Machi. Mtakatifu Patriki

Ushindi! Naandika na viatu miguuni.

Kwa mpangilio. Asubuhi nilioka. Chungu, makaa chini, makaa juu. Msalaba niliukata juu ya mkate kama siku zote, toka ukingo mpaka ukingo, shetani atoke vizuri. Nikaufunga kwa kitambaa cheupe. Misa, majani ya shamroki, ya sikukuu hii, kifuani. Maandamano ya matrekta kumi na moja, na mvua. Mwavuli wangu nimeuona juu ya kichwa cha Attracta.

Kisha kwa Fintan. Nyama ya nguruwe ya chumvi, kabichi, viazi, siagi ya Mattie. Padri Loftus mgeni wa heshima. Mkwe wangu Sorcha, mke wa Fintan, akapokea mikate yote miwili mlangoni, sisi tukivua makoti. Akaifungua, akaipanga kwenye vibao. Tulipoingia ndani alikuwa keshatangaza:

"Huu mtupu ni wa Mama. Huu wa zabibu wa Shangazi."

Nikaganda. Mkate mmoja wangu, wenye zabibu, kweli. Wa pili mtupu. Unga, magadi, chumvi, mtindi. Attracta kaoka mkate wa mama yake!

Nikamtazama. Kanitazama. Kinywa wazi, meno mapya yote nje. Mimi nilinyamaza nikijua zabibu zitakwisha kwanza, kisha ndipo nitadai. Yeye, sasa najua, alinyamaza kwa hesabu ile ile.

Watu wakaanza kula. Nani aliniambia kwamba kitu kitamu hukwisha kwanza? Na nyama ya chumvi? Na kabichi? Wote wakashika ule mtupu! Siagi juu, wakafuta sahani nao, wakaomba tena. Wajukuu, wale wale niliowategemea, wanachomoa zabibu za wangu na kuzipanga ukingoni mwa sahani kama kunguni. Nikaona chungu kinaondoka. Nikakiona jikoni mle mwa upasuaji, kimepandwa maua!

Kipande cha mwisho kachukua Padri. Fintan kasimama, kagonga glasi.

"Mtupu umekwisha! Hongera, Mama. Chungu ni chako."

Makofi. Nikasema asanteni.

Sikusema uongo. Neno nililosema ni asanteni.

Attracta karuka kama kakalia kaa la moto. Kapiga kelele kwamba uliokwisha ni wake, wake! Meza nzima ikacheka. Fintan akamwambia Shangazi, wiki nzima umetuimbia zabibu, leo umeokaje mtupu? Basi hasira zikampanda. Akanyoosha kidole kwenye mkate wangu, akasema kwa sauti ya kusikika Boston:

"Hizo ni zabibu zangu! Nazijua kwa wiski yake!"

Sorcha kanusa. Padri kanusa. Fintan kwa upole akamwambia sawa, Shangazi, ndivyo sisi tunavyosema. Zabibu ni zako. Wiski ni yako. Basi mkate ni wako.

Attracta akaketi.

Na kwa kuwa siku ya Patriki ahadi zote za Kwaresima hulegezwa, kila mtu anajua, mlevi anakunywa na mtoto anakula peremende, nikamgeukia wifi yangu na kumpa majibu yote kumi na manne. Moja baada ya jingine. La mlango na upepo niliweka mwisho. Sijapata chakula kitamu kama hicho.

Sahani yake alikuwa keshaisukuma mbali. Kabla ya kuondoka aliniinamia sikioni.

"Delia. Umeula mkate wangu?"

Nikamwambia vipande vitatu.

"Ulikuwaje?"

Nikamwambia ulikuwa kama wa mama. Sijui kwa nini nilisema. Akafuta macho kwa kitambaa cha meza cha Sorcha, akaenda zake. Na mwavuli wangu.

Jumapili, 18 Machi

Kwaresima imerudi. Simsemi mtu.

Baada ya Misa Padri Loftus alinivuta kando, karibu na mishumaa. Akaniambia miaka kumi na minane anakula mkate wangu, na msalaba ninaukata kama mtu anayepasua kuni. Toka ukingo mpaka ukingo. Jana, anasema, uliokatwa hivyo ulikuwa wa zabibu.

Nikamwambia macho ya mtu huchoka, Padri, hasa akishapata glasi mbili. Akaniambia macho yake ni mazima, na nimrekebishie yule mwanamke mambo yake kabla ya Pasaka. Akakunja uso kabisa.

Nimetembea nyumbani nikifikiri. Kwa mvua, bila mwavuli. Nimefikiri kwa moyo wote. Padri yuko sawa. Attracta ni mjane, yuko peke yake, na jana alilia. Mtu wa dini hawezi kukaa tu na chungu chake na kuyatazama hayo.

Nimeamua. Jumamosi ijayo namwita hapa. Namvalisha aproni. Chungu kitakuwa motoni, changu, na atasimama hapo pembeni aangalie. Nitamfundisha kuoka mkate mtupu, kama ule wangu wa jana uliokwisha kwanza.

Maskini, mwenzangu anajua zabibu tu.