Mkono Wangu na Viazi vya Mwaka Mpya

Alhamisi, 10 Aprili

Mama mkwe ameteleza kwenye ngazi za bwawa. Kifundo cha mkono wa kulia kimevimba kama kiazi, tena kiazi cha mbegu. Nilisikitika sana. Kisha nikafurahi. Nikajikemea. Nikafurahi tena.

Sababu ni hii: Jumatatu ni Mwaka Mpya wetu wa Kibengali. Asubuhi hiyo ukoo mzima hukaa uani kula kiporo cha wali kilicholala majini, kwa viazi alivyoponda mama mkwe. Havipondi kwa mwiko, ni kwa mkono wake mwenyewe! Hapa Munshiganj tunalima viazi mpaka tunavilaza chini ya vitanda, na kila mtu anajua kwamba utamu uko vidoleni. Mwaka huu vidole hivyo vimo ndani ya bandeji.

Mimi ni mkwe ninayeishi ukweni. Majirani hawachoki kuniuliza, "Eti Tofazzal, na wewe ulitolewa mahari ngapi?" Wacheke tu. Leo nimetangaza mbele ya wote kwamba Jumatatu nitaponda mimi. Kimya kikatanda. Kimya cha heshima.

Mke wangu Shefali akasema taratibu, "Baba Tuli, hata maji ya chai hujawahi kuyachemsha." Nikamjibu chai na viazi wapi na wapi.

Mama mkwe akasema haya, tutaona, na kwamba bakuli lake la shaba, alilorithi kwa mama yake, sasa atampa mwenye mkono. Bakuli ni langu. Mkwe mwenye bakuli la ukoo haulizwi habari za mahari.

Ijumaa, 11 Aprili

Mazoezi. Baada ya swala nimechemsha viazi. Maganda yakaniunguza, nikavumilia kiume. Kisha nikajiuliza: umeme upo, kwa nini nijichoshe? Nikavitia kwenye blenda.

Matokeo ya ajabu! Kitu kizito, cheupe, kinavutika. Kijiko kikasimama wima na kukataa kutoka. Binti yetu Tuli amechukua kidogo akagundishia tiara lake, na limeshika vizuri kuliko gundi ya dukani. Sidhani kama kuna mwanamume mwingine wilayani aliyefikia hapa.

Shefali akasema kiazi hakipigwi, kinabembelezwa. Kwanza unasugua pilipili kavu iliyokaangwa, pamoja na chumvi na kitunguu, mpaka kitunguu kitoe machozi. Halafu mafuta ya haradali. Kiazi mwisho, kingali vuguvugu. Nikamwambia nayajua yote hayo, nilikuwa naipima blenda.

Jumamosi, 12 Aprili

Enayet amefika! Huyu ni mwanyumba wangu, kamwoa dada yake Shefali, mtu wa ofisini huko Dhaka, shati halina hata kunyanzi. Kabla hajavua viatu akatangaza kwamba na yeye ataponda, kwa siagi na maziwa, kama mahotelini.

"Siagi?" mama mkwe akauliza. "Kwani nani anaumwa?"

Mimi nikamvuta pembeni, nikamwambia asimsikilize mama, watu wa hapa wanaipenda mno siagi, aongeze. Akanishukuru kwa dhati. Maskini, elimu yote ile.

Hata hivyo, mwenye busara hafungi mlango mmoja akaacha wa uani. Je, akibadili nia akataka haradali? Kwa hiyo nimeyamimina mafuta mazuri ya haradali, yale ya kinuni yanayopanda puani mpaka utosini, kwenye chupa nyingine. Nimeificha kitandani kwetu, chini ya rundo la viazi. Chupa ya rafuni jikoni nimeijaza mafuta ya soya, yasiyo na harufu wala heshima. Akiyachukua, kwisha habari yake.

Wakati nafukia chupa, Shefali aliingia. Nikamwambia nahesabu viazi. Akasema sawa.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekaanga pilipili kavu. Nyumba nzima ikatoka nje ikikohoa, hata mbuzi. Nikazisugua kwa vidole kama fundi, kweli kama fundi, mpaka zikawa unga. Halafu nzi akatua kwenye kope yangu. Nikamfukuza. Kwa mkono uleule!

Sitaki kuandika yaliyofuata. Itoshe tu kwamba nililifikia bwawa kwa kusikiliza sauti za bata. Enayet alinimwagia ndoo za maji huku akicheka mpaka shati lake likapata kunyanzi. Majirani walitoka. Mmoja akauliza kama bibi harusi analia kukumbuka kwao.

Iliniuma. Nalisema hapa kwa kuwa hakuna asomaye. Wakati Shefali ananikanda macho kwa kitambaa nilimwambia kwamba nataka siku moja tu, moja, watu wa uani wale kitu wakaseme hiki kimetoka kwa Tofazzal. Yeye aliendelea kukanda.

Jumatatu, 14 Aprili. MWAKA MPYA!

Ushindi!

Nimeamka alfajiri, macho yamevimba, naona ukungu tu. Nimechemsha, nimemenya, nimesugua. Nikapapasa rafuni, nikaipata chupa, nikamimina bila uchoyo. Nikaponda. Mabonge machache, ndiyo, lakini mabonge yana tabia yake. Nikafunika bakuli la shaba, nikaenda kuoga na kuvaa vazi jipya.

Niliporudi ukoo ulikuwa umeshakaa. Nikafunua. Nilishangaa mwenyewe! Mabonge hayapo. Rangi ya dhahabu. Harufu ya haradali ikanichoma pua. Chakula kikipumzika hujirekebisha, jambo hilo wapishi wengi hawalijui. Kule bwawani bata walikuwa wamezunguka kitu cheupe, wakakionja, wakaondoka.

Shefali alikuwa na mkono mwekundu mpaka kifundoni. Nilimuuliza, akasema kazi za nyumbani.

Basi wakala. Viazi vya Enayet vya siagi viliachiwa nzi, naye mwenyewe akaongezwa mara tatu kutoka bakuli letu. Mama mkwe alilishwa tonge na Shefali. Akafumba macho, akatafuna, machozi yakamtoka. Akasema aliogopa kwamba mkono wa mama yake ungeishia kwake, kumbe umo humu humu ndani, haujapotea.

Jirani mmoja akauliza nani kaponda. Shefali akavuta ushungi mdomoni, akasema, "Baba Tuli kaamka alfajiri."

"Mashallah, Tofazzal!" wakasema. Wote! Kifua changu hakikutosha vazini.

Bakuli mama mkwe alimkabidhi Shefali, akalishikilia kidogo kabla ya kuliachia, wakatazamana. Ni adabu ya kale: mama mkwe hampi mkwe wa kiume kitu mkono kwa mkono. Nikainama kwa niaba yetu.

Jumanne, 15 Aprili

Enayet amerudi Dhaka. Kabla ya kuondoka alimuuliza Shefali siri ya viazi. Alimuuliza yeye! Ilibidi nimjibie.

Mchana nimefukua chupa yangu ya haradali. Nusu haipo! Nilimshuku Enayet papo hapo.

Kisha nikakumbuka. Nilipapasa RAFUNI. Nilimimina SOYA. Nimekaa juu ya viazi nikitafakari, na jibu likanijia lenyewe: kama soya imenukia haradali mikononi mwangu, basi si suala la mafuta. Ni mkono!

Nimemweleza Shefali. Amecheka mpaka akakaa chini, ushungi ukamvuka, akanishika magoti akisema, "Niache, Baba Tuli, niache." Sijawahi kumwona mke akifurahia hivyo ushindi wa mumewe.

Nimetoka uani kuwatangazia majirani kwamba Sikukuu ya Kuchinja nitapika nyama ya ukoo wote peke yangu. Kimya cha heshima kikatanda tena. Sasa hivi naiosha blenda.